Je, Mwalimu Anyamaze?

Katika mji wa Goma, chini ya mlima Nyiragongo, vijana wengi husoma katika vyuo vikuu. Wako wasomao sheria, wako wasomao udaktari, wako wasomao kilimo. Wako pia wasomao elimu ya jamii, ambayo wasomi huiita sosiolojia. Elimu hiyo yachunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: jinsi wanavyooana, jinsi wanavyogawana mashamba, jinsi wanavyotawaliwa, kwa nini huyu ni maskini na yule ni tajiri, makabila yametoka wapi, na vita huzaliwa na nini. Mtu akisikia hivyo hudhani ni elimu nyepesi, maana kila mtu ameishi pamoja na wenzake tangu kuzaliwa, naye ajua ndoa ni nini, na shamba ni nini, na chifu ni nani. Kumbe ni elimu ngumu kuliko nyingi, wala ugumu wake hautoki katika hesabu wala katika maneno ya Kifaransa. Mwalimu wa hesabu akiandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, hakuna mwanafunzi anayekumbuka kaburi la baba yake.

Lakini mwalimu wa elimu ya jamii aandike neno moja tu, Masisi, na darasa zima litabadilika. Mbele ameketi kijana Muhunde ambaye babu yake alilala akiwa na kilima, akaamka akiwa na konde moja. Nyuma yake ameketi binti Mtutsi ambaye jamaa zake walifukuzwa katika kilima kile kile. Karibu na dirisha yuko Mhutu wa Rutshuru, na mlangoni Mnande aliyetoka Beni, ambako watu wameuawa usiku mwaka baada ya mwaka. Wote wanasomea daftari moja na mwalimu mmoja. Wote wanangoja wasikie atasema nini, na zaidi sana atamtaja nani.

Basi swali ni hili: je, mwalimu huyo afundishe mambo hayo kama yalivyo, au ayapite kimya kwa ajili ya amani?

Huenda mkatekumeni wa kijijini atauliza: mambo ya chuo kikuu yamhusu nini mtu wa jembe? Yamhusu sana. Vijana wale hawabaki mjini wote. Hurudi vijijini wakiwa waalimu wa shule, wauguzi, makarani wa serikali, na wengine huwa wakubwa wenye kugonga mihuri. Walichofundishwa darasani, au walichonyimwa, hurudi pamoja nao. Tena benchi la mafundisho ya dini kijijini si tofauti na benchi la chuo kikuu. Hapo nako huketi watu wa lugha mbili au tatu, nao hujuana vema kuliko wanavyosema.

Wale wasemao kwamba mwalimu anyamaze si wajinga, wala si waoga wote. Hoja yao yafaa isikilizwe kwanza. Wasema hivi: kidonda kikiguswa kila siku hakiponi. Vijana hawa wamekubali kukaa pamoja, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Kwa nini kuwakumbusha? Tena mwalimu ana watoto nyumbani, na neno alilolisema saa nne darasani huweza kufika jioni kwa mtu mwenye bunduki, likiwa limeongezwa chumvi. Hata nchi nzima iliwahi kuona hivyo. Ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Goma, iko Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambayo yaliua mamia ya maelfu ya Watutsi, na Wahutu pia waliokataa kuua, serikali ya huko ilisimamisha mafundisho ya historia ya nchi katika shule. Haikusimamisha kwa upumbavu. Vitabu vya zamani vilikuwa vimewafundisha watoto kwamba raia wenzao ni wageni na wanyang'anyi, na mauaji yalikuwa yamepita juzi. Mwalimu gani angesimama mbele ya darasa la yatima, wengine wakiwa watoto wa waliouawa na wengine watoto wa waliofungwa, akaanza somo? Ni haki kunyamaza hadi mtu ajue la kusema. Walakini hata huko kimya hakikudumu. Somo la historia lilirudishwa, maana watoto walikuwa wakiuliza, na nyumbani walikuwa wakijibiwa.

Nchi ya Burundi yafundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1972 Wahutu wengi waliosoma waliuawa huko. Wengine walitolewa madarasani na wasirudi. Baadaye, wakati wa utawala wa Bagaza, kutaja Wahutu na Watutsi kukawa kama kosa. Ikasemwa kwamba hakuna makabila, kuna Warundi tu. Neno hilo ni zuri, na lingekuwa zuri zaidi kama wajane wa mwaka 1972 wangeruhusiwa kulia. Lakini machozi yalikatazwa pamoja na majina, na kila nyumba ikahifadhi hesabu yake gizani. Mwezi wa Agosti 1988 damu ilimwagika tena Ntega na Marangara, na mwaka 1993 ikamwagika nchi nzima. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hapo ndipo hoja ya kunyamaza inapokosa nguvu. Yadhani kwamba mwalimu akinyamaza, jambo halifundishwi. Sivyo. Mwalimu akinyamaza, wengine hufundisha mahali pake. Hufundisha bibi jikoni, naye hana kosa, maana asimulia alichokiona; lakini aliona upande mmoja wa mto tu. Hufundisha walevi. Hufundisha sauti na picha zinazotumwa katika simu, ambazo hakuna ajuaye zimetungwa na nani. Hufundisha wakuu wa vikosi wanaotafuta vijana wa kuchukua bunduki, na hao ni waalimu hodari sana, kwa kuwa somo lao ni fupi: ninyi ni wema, wale ni wabaya, twendeni. Kijana akifika kwao akiwa hajasikia somo lingine, atalipima kwa kipimo gani?

Basi ikiwa kufundisha kwafaa, swali lililo gumu zaidi ni namna. Hapo yafaa kutazama jambo lenyewe, kwa mfano hilo la Masisi, lionekane lina nini ndani.

Mpaka kati ya nchi ya Kongo na Rwanda ulipatanwa na Wazungu mwaka 1910. Kabla ya hapo wako watu wasemao Kinyarwanda waliokuwa wakikaa Bwisha, katika nchi ya Rutshuru. Mpaka ndio uliowakuta wao, si wao walioukuta mpaka. Hilo ni la kwanza, nalo halimpendezi yule asemaye kwamba kila msema Kinyarwanda alikuja jana. Kisha, tangu mwaka 1937 hata 1955, Wabelgiji walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda wakawaleta Masisi. Rwanda ilikuwa na njaa na watu wengi. Kivu ilikuwa na mashamba makubwa ya Wazungu yaliyotaka vibarua. Ardhi waliyopewa wahamiaji ilikuwa ya Wahunde. Watawala waliihesabu kuwa tupu, kwa sababu hawakuona nyumba juu yake, kana kwamba shamba lililopumzishwa ni shamba lisilo na mwenyewe. Huko Gishari wahamiaji wakapewa hata uchifu wao wenyewe, ambao ulifutwa baadaye. Hilo ni la pili, nalo halimpendezi yule asemaye kwamba Wahunde wana wivu tu. Kisha, tangu mwaka 1959, wakaja wakimbizi Watutsi waliofukuzwa Rwanda, na mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wahutu waliingia Goma kwa siku chache, na miongoni mwao wauaji wenye silaha. Kipindupindu kikawaua makumi ya maelfu katika kambi, wakubwa kwa watoto, wenye damu mikononi na wasio nayo.

Juu ya hayo zikaandikwa sheria. Tarehe 5 Januari 1972 sheria iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1960. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine ikaitangua ile, ikataka mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa wa kabila lililokaa katika nchi ya Kongo tangu tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe 12 Novemba 2004 sheria ya tatu ikasogeza kipimo hicho hadi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Msomaji na afikiri habari za mtu mmoja aliyezaliwa Masisi mwaka 1950, kwa wazazi walioletwa na Wabelgiji. Alipokuwa na miaka 22 aliambiwa kwamba ni raia. Alipokuwa na miaka 31 aliambiwa kwamba si raia. Alipokuwa na miaka 54 aliambiwa tena kwamba ni raia. Muda huo wote hakutoka katika shamba lake.

Na msomaji amfikiri pia jirani yake Muhunde. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya serikali. Kilima alichokilima kwa desturi ya baba zake, kwa idhini ya chifu na kwa kondoo wa heshima, kiliweza kuandikwa mjini kwa jina la tajiri asiyemjua, na siku moja akaja askari na karatasi. Matajiri wengine waliopata mashamba hayo walikuwa wasemao Kinyarwanda, wengine walikuwa wa makabila mengine, wengine walikuwa wakubwa wa Kinshasa. Karatasi haikuuliza lugha. Lakini mtu aliyefukuzwa hakumwona karani wa mjini; alimwona jirani. Mwezi wa Machi 1993, katika soko la Ntoto huko Walikale, wasemao Kinyarwanda waliokuja sokoni wakauawa na vijana wenye silaha, na tangu hapo vita vikaenea Masisi, vijiji vya pande zote vikachomwa, na maelfu wakafa.

Hayo yote yamo katika neno moja ubaoni. Tena mwalimu akitaka maandishi, yako. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 ilichunguza maovu yaliyotendwa Kongo tangu Machi 1993 hadi Juni 2003, ikahesabu matukio 617. Yasomeka humo waliouawa sokoni, na wakimbizi Wahutu waliouawa msituni na majeshi yaliyowafuatia, na Watutsi waliouawa na majirani. Hakuna kabila la Kivu litakalolisoma daftari hilo hata mwisho na kubaki limeketi kwa raha.

Pengine hiyo ndiyo alama ya kumjua mwalimu mwema wa mambo haya. Mwanachuoni mmoja Mjerumani, Max Weber, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya jamii, aliwahutubia wanafunzi wa mji wa München mwaka 1917, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakiuana. Alisema kwamba mwalimu hana ruhusa kugeuza meza yake ya kufundishia kuwa jukwaa la siasa, kwa sababu wanafunzi hapo hawana ruhusa ya kumjibu. Na alisema kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu afaaye kitu ni kuwazoeza wanafunzi kuyakubali mambo ya kweli yasiyoupendeza upande wao. Maana kila upande una mambo yasiyoupendeza. Hakuahidi kwamba wanafunzi watampenda.

Mtu atasema: hivyo ni kumpiga kila mtu kofi moja, kisha kuita kofi hilo haki. Hapana. Kama upande mmoja umeua mia na mwingine umeua kumi, mwalimu asemaye kwamba wote ni sawa amesema uongo, hata kama sauti yake ni ya upole. Kugawa lawama sawasawa kama mama anavyogawa ugali si ukweli. Linalotakiwa ni kwamba kila jambo litajwe pamoja na mwaka wake, mahali pake, na watendaji wake, bila kulipunguza kwa hofu ya huyu wala kulikuza kwa kumpendeza yule. Tena watendaji ndio watajwe, yaani kikosi fulani, jeshi fulani, mkubwa fulani aliyehukumiwa. Asitajwe Muhunde, wala Mhutu, wala Mtutsi, kana kwamba kabila zima lilishika panga kwa mkono mmoja. Mwaka hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu akisema kwamba watu hawa wametuibia ardhi, amesema jambo lisilo na mwanzo, nalo halina mwisho. Akisema kwamba mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilichukua ardhi ya wazee wetu bila haki ikawapa watu waliokuwa na njaa, amesema jambo lililo zito vilevile, lakini sasa aweza kuuliza: ni nani aliyetenda, na jirani yangu aliyezaliwa baadaye ana sehemu gani katika tendo hilo? Hasira yake haikuchukuliwa. Imepata anwani.

Kiko kipimo kingine kwa mwalimu, nacho ni chepesi kukumbuka hata kwa mtu asiyejua kusoma. Asiseme juu ya watu neno ambalo asingelisema wao wakiwapo. Siku Watutsi wote wanapokuwa hawapo darasani, somo la siku hiyo lisiwe na utamu wa namna nyingine. Siku Wahunde wanapokuwa hawapo, vivyo hivyo. Lakini kipimo hiki kina upande wa pili, ambao watu wengi huuacha: lililo kweli alisema wakiwapo. Kunong'ona ukweli nyuma ya mtu, na kumchekea usoni, hakumheshimu.

Wakatekumeni wanaijua hadithi ya Msamaria. Huisikia mapema, nao huipenda kwa sababu ya punda na mafuta na nyumba ya wageni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Yesu aliisimulia mbele ya watu waliowachukia Wasamaria, naye angeweza kabisa kumchagua msafiri mwingine. Alilichagua jina lenye kuwachoma. Na mwishoni alipomwuliza yule mwalimu wa sheria ni nani aliyekuwa jirani, yule bwana alijibu kwa kuzunguka, akamtaja kwa tendo lake la huruma. Jina la kabila halikumtoka kinywani. Somo lilikuwa limemfika, ila ulimi ulikuwa bado. Mwalimu mwenye busara humwacha mwanafunzi wa namna hiyo aende zake na jibu lake nusu, wala hamlazimishi kulikamilisha mbele ya watu.

Je, somo la namna hii laweza kumfaa mtu siku ya hatari? Iko habari ya Seminari ndogo ya Buta, katika kusini ya Burundi. Baada ya mauaji ya mwaka 1993, wanafunzi wa seminari hiyo, Wahutu na Watutsi, walikuwa wakiogopana vitandani. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwaamuru kusahau. Aliwafungulia nafasi ya kusema waziwazi juu ya makabila, na juu ya waliyoyapata nyumbani kwao, wote wakisikilizana. Kazi hiyo ilichukua miaka. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika bweni, wakawaamuru wajigawe, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi wakakataa. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, wakafa arobaini.

Haifai kuitumia habari hii kwa haraka. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mazungumzo peke yake ndiyo yaliyowapa moyo. Vijana wale walikuwa na sala zao, na urafiki wao, na jambo jingine ambalo kila mmoja alikuwa nalo mwenyewe. Wala haifai mwalimu kufundisha ili wanafunzi wake wafe vema. Lakini jambo moja laonekana bila shaka: alfajiri ile maneno Mhutu na Mtutsi hayakuwashtua. Walikuwa wameyasikia mchana, katika vinywa vya rafiki zao. Mwenye bunduki hakuwaambia siri yoyote.

Kufundisha mambo mazito kwaweza pia kujeruhi, na hilo lisipitwe. Katika darasa la Goma somo la vita si habari za mbali. Katika Kivu wanawake wengi wamebakwa na watu wenye silaha. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018 kwa ajili ya kuwatibu na kuwatetea. Mwalimu anayefundisha habari hiyo ahesabu kwamba miongoni mwa wasikilizaji wake yumo aliyepatwa, hata kama hamjui. Basi atangaze mapema kwamba juma lijalo somo litakuwa hili, ili mtu apate kujiandaa, au akae karibu na mlango. Mtu akitoka, asiulizwe kwa nini. Na kamwe mwalimu asimwambie mwanafunzi: wewe umetoka Masisi, simama utuambie. Huko ni kumgeuza mwenzake kuwa ubao wa kuandikia. Akitaka kusimama mwenyewe, asikilizwe, na mwalimu akae kitako.

Mwalimu mwenyewe naye ana kabila. Wanafunzi hulijua kabla hajafungua kinywa, kwa jina lake, na kwa jinsi anavyotamka herufi fulani. Kujifanya mtu asiye na upande huwachekesha, hata kama hawacheki mbele yake. Afadhali aanze kwa yale yasiyoupendeza upande wake mwenyewe. Mwalimu Mnande aanze na makosa ya Wanande, na mwalimu Mhutu aanze na makosa ya Wahutu, kisha ndipo aende kwa wengine. Hilo lina gharama nyumbani kwake, kwa maana jamaa watasikia. Lakini halihitaji fedha, na wanafunzi hulielewa mara moja.

Vipi, basi, juu ya bunduki? Mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma baada ya vita vikali, na si mara ya kwanza mji huo kubadilika mikono. Wako watakaosema kwamba katika hali kama hiyo shauri lote hili ni la watu wanaokaa mbali. Ni kweli kwamba hakuna sheria ya haki inayomdai mwalimu ajitoe auawe kwa ajili ya somo la saa mbili, wala awahatarishe wanafunzi wake. Aweza kuahirisha. Aweza kufundisha kwa mfano wa nchi nyingine, habari za Ireland au za Wayahudi wa Ulaya, na wanafunzi watatafsiri wenyewe. Watu wa Kivu wana ustadi mkubwa wa kusikia yasiyosemwa. Aweza kusema: jambo hili sitalieleza leo. Neno hilo ni la kweli. Kati yake na uongo uko mto mpana, kwa sababu mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jambo fulani halielezwi leo ajua kwamba jambo hilo liko; bali mwanafunzi aliyeambiwa kwamba halikutokea amenyang'anywa kitu. Mwalimu akiamriwa kusema uongo, hapo ndipo ahesabu gharama, na hesabu hiyo hakuna awezaye kumfanyia.

Limebaki jambo la mtihani, ambalo laonekana dogo, walakini hapo ndipo wanafunzi humpima mwalimu wao. Wanafunzi wawili wameandika juu ya uraia. Wa kwanza ameandika yale yale anayoyapenda mwalimu, kwa maneno matamu, bila mwaka hata mmoja na bila sheria hata moja. Wa pili amefikia neno la mwisho ambalo mwalimu analichukia, lakini ametaja sheria ya 1972 na ya 1981 na ya 2004, ametaja pia jambo moja lisiloupendeza upande wake, naye amejenga hoja yake kama mtu ajengaye ukuta kwa mawe meusi ya Goma, jiwe juu ya jiwe. Alama nyingi ni za huyo wa pili. Na kama ndani ya karatasi yake limo sentensi moja la kutukana watu, mwalimu asilifute kwa wino mwekundu na kuendelea. Amwite nje, wawe wawili tu, amwambie alisome sentensi hilo kwa sauti kama vile mwenzake wa kabila hilo ameketi hapo kando. Kisha amrudishie karatasi mpaka kesho. Huenda akaliandika upya. Asipoliandika, apewe alama anazostahili kwa yale aliyoyathibitisha, na zisipungue.